Je, At-Tariq Ndiyo Palsa?

Vijana wetu wa Bagamoyo hutuuliza iwapo At-Tariq, nyota itajwayo katika Sura ya 86, ndiyo palsa, yaani mabaki ya nyota iliyokufa, yazungukayo na kutuma mapigo kwa vipindi sawa. Tunawasihi wazazi wasiharakishe kuitikia. Wafasiri wa kale walieleza Tariq kuwa kijacho usiku, kama mgeni abishaye hodi. Palsa ya kwanza ilinaswa kwa darubini ya redio, Uingereza, mwaka 1967 tu. Mtoto akifunzwa kuwa imani yake imesimama juu ya darubini, itakuwaje wanafalaki wakibadili kauli?

Elimu yenyewe na wajifunze, nayo haiko mbali nasi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Hiyo ilipokea eksirei, si redio. Kutoka Centaurus X-3 ilipata pigo kila sekunde 4.8. Wataalamu walipoandika saa ya kufika kwa mapigo, waliyaona yakiwahi, kisha yakichelewa, kwa duru ya siku mbili na kitu. Ndipo walipotambua kuwa inaizunguka nyota nyingine: ikitusogelea, mapigo huwahi, ikituacha, huchelewa.