Kuajiri Mkuu wa TEHAMA katika Taasisi ya Afya ya Serikali: Suala la Mamlaka, Ujira na Usaili

1.0 Utangulizi

Taasisi ya serikali inayosimamia afya inapotangaza nafasi ya mkuu wa teknolojia, tangazo lenyewe kwa kawaida huwa fupi. Hutaja elimu, uzoefu, kiwango cha mshahara na tarehe ya mwisho ya kupokea maombi. Mambo yanayoachwa nje ya tangazo ndiyo mara nyingi huamua kama atakayeajiriwa ataweza kazi: ana kauli gani juu ya fedha, nani anaweza kuutengua uamuzi wake, na je, anaruhusiwa kuuzuia mfumo usiokamilika hata kama tarehe ya kuuzindua imekwisha kutangazwa na viongozi wa siasa? Makala haya yanalifafanua suala hilo kwa kutumia mfano wa Marekani, hususan Kituo cha Huduma za Medicare na Medicaid, na kuulinganisha na ule wa Uingereza.

Istilahi inahitaji ufafanuzi kwanza. Cheo kinachojadiliwa kilipata msingi wa kisheria nchini Marekani mwaka 1996 kupitia Sheria ya Clinger-Cohen, iliyozitaka wizara na taasisi kuu za serikali ya shirikisho ziwe na afisa mmoja wa ngazi ya juu anayewajibika kwa taarifa na teknolojia yote ya taasisi. Tafsiri ya neno kwa neno ya jina la cheo hicho ingekuwa Afisa Mkuu wa Habari. Hata hivyo, tafsiri hiyo ingempotosha msomaji wa Tanzania, ambako afisa habari ni mtumishi anayeandaa taarifa kwa vyombo vya habari na kufuatana na kiongozi katika ziara. Kwa sababu hiyo, jina linalotumika hapa ni Mkuu wa TEHAMA.

2.0 Cheo Bila Mamlaka: Tukio la Mwaka 2013

Kituo cha Huduma za Medicare na Medicaid kiko chini ya Wizara ya Afya na Huduma za Jamii ya Marekani, na makao yake makuu yapo karibu na jiji la Baltimore, katika jimbo la Maryland. Kinasimamia bima ya wazee na watu wenye ulemavu, na, kwa kushirikiana na majimbo, bima ya watu wenye kipato kidogo. Jumla ya wanaohudumiwa ni zaidi ya watu milioni 100. Kituo hiki kilipewa pia jukumu la kujenga soko la mtandaoni la bima lililotokana na sheria ya mageuzi ya afya iliyotiwa saini na Rais Barack Obama tarehe 23 Machi 2010. Soko hilo, lililojulikana kama HealthCare.gov, lilipaswa kuwahudumia wakazi wa majimbo 36 ambayo hayakuwa yakiendesha masoko yao yenyewe.

Tovuti ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013. Mamilioni ya watu waliitembelea katika siku za mwanzo, lakini kumbukumbu za ndani zilizotolewa baadaye kwa Bunge la Marekani zilionesha kwamba katika siku ya kwanza ni watu sita tu waliofanikiwa kukamilisha usajili. Nyuma ya idadi hiyo kulikuwa na familia zisizo na bima, zilizoambiwa kuwa mlango umefunguliwa kisha zikakuta ukurasa usiosogea. Sababu moja ya kiufundi ilijitokeza mapema. Mtumiaji alilazimika kufungua akaunti na kuthibitishwa utambulisho wake kabla hata ya kuangalia bei za bima, hivyo watu wote walisongamana katika hatua moja.

Kwa mada ya makala haya, hitilafu za kiufundi si muhimu kama mpangilio wa madaraka. Kazi ya soko hilo iligawanywa baina ya idara iliyoshughulikia sera ya bima, idara ya teknolojia iliyoongozwa na Mkuu wa TEHAMA, na idara ya manunuzi. Mikataba ilikuwa kadhaa wa kadhaa, na Kituo chenyewe kilijitwika jukumu la kuziunganisha kazi za wakandarasi. Mkaguzi Mkuu wa Wizara, katika ripoti yake ya Februari 2016, alibainisha kwamba kukosekana kwa uongozi ulio wazi kulichelewesha maamuzi na kuvuruga kazi. Ushahidi ulio dhahiri zaidi ni waraka wa kiusalama wa tarehe 27 Septemba 2013, siku nne kabla ya uzinduzi. Kibali cha kuuruhusu mfumo uanze kazi kilitiwa saini na mkuu wa Kituo mwenyewe, ilhali majaribio ya usalama yalikuwa hayajakamilika. Mkuu wa TEHAMA wa Kituo aliondoka Novemba mwaka huohuo.

Mtu aliyepewa jukumu la kuinusuru kazi, Jeffrey Zients, hakuwa mtaalamu wa programu za kompyuta bali wa uendeshaji. Aliteua kampuni moja iwe msimamizi wa wakandarasi wote, akaleta wahandisi kutoka sekta binafsi, miongoni mwao Mikey Dickerson wa Google, na timu ikawa inakutana kila siku kujadili hitilafu na kumkabidhi kila moja mtu wa kuishughulikia. Kufikia tarehe 1 Desemba watumiaji wengi waliweza kuitumia tovuti, na msimu wa kwanza wa usajili ulipofungwa mwaka 2014, takribani watu milioni 8 walikuwa wamechagua bima kupitia masoko ya shirikisho na ya majimbo. Wageni hao walikuwa na ujuzi, bila shaka. Lakini Kituo hakikukosa wahandisi wenye ujuzi hata kabla yao. Kilichokuja na wageni ni idhini ya Rais, iliyowawezesha kusema hiki kifanyike na kile kiache, nao wakasikilizwa.

Bunge lilijaribu kuiziba pengo hilo kwa sheria ya mageuzi ya ununuzi wa teknolojia iliyotiwa saini tarehe 19 Desemba 2014. Sheria hiyo ilimpa Mkuu wa TEHAMA wa wizara nafasi katika kupanga bajeti, ikataka mikataba ya teknolojia ipitie kwake, na, jambo linalogusa ajira moja kwa moja, ikaagiza kwamba uteuzi wa mtu mwenye cheo kama hicho katika taasisi iliyo chini ya wizara uidhinishwe naye. Tangu hapo, taasisi kama Kituo haiwezi kumchagua mkuu wake wa teknolojia kana kwamba ni kisiwa.

3.0 Njia ya Maombi

Nafasi nyingi za aina hii zimo katika kada ya watendaji waandamizi, iliyoanzishwa na Sheria ya Mageuzi ya Utumishi wa Umma ya mwaka 1978. Nafasi ya kudumu katika kada hiyo hutangazwa kwa umma kwa muda usiopungua siku 14. Maombi huchambuliwa na jopo la taasisi, kisha anayependekezwa huthibitishwa na bodi ya mapitio ya sifa inayoratibiwa na ofisi kuu ya serikali inayosimamia watumishi. Anayeingia katika kada hiyo kwa mara ya kwanza huwa katika majaribio kwa mwaka mmoja.

Kwa miaka mingi, hadi mabadiliko ya mwaka 2025, mwombaji alitakiwa kuandika insha ndefu kuthibitisha sifa tano za uongozi: kuongoza mabadiliko, kuongoza watu, kuleta matokeo, kuelewa mambo ya fedha na rasilimali, na kujenga ushirikiano. Sifa hizo hazina kasoro. Kasoro ilikuwa katika kipimo, kwa kuwa insha humpima mtu kwa ustadi wa kuandika lugha ya serikali. Mtumishi aliyekulia ofisini aliijua lugha hiyo, au alimlipa mtu amwandikie. Mhandisi aliyeongoza mitambo ya benki kwa miaka 20 alionekana hana sifa kwa sababu tu hakujua kuyaita mambo yake kwa majina yanayotakiwa.

Yapo pia masharti ya maadili. Mtendaji mwandamizi hujaza tamko la mali linaloweza kusomwa na umma, na ni kosa la jinai kwake kushiriki katika uamuzi unaogusa maslahi yake ya kifedha. Mtu anayetoka katika kampuni ya programu za hospitali akiwa na hisa zake hana budi kuziuza au kujitenga na maamuzi yanayoihusu kampuni hiyo. Akijitenga na maamuzi yanayomhusu mzabuni mkubwa kuliko wote, taasisi itakuwa imeajiri nusu ya mkuu.

4.0 Ujira

Mwaka 2013, kikomo cha juu cha mshahara wa msingi katika kada hiyo kilikuwa dola 179,700 kwa mwaka, kwa taasisi ambazo mfumo wake wa upimaji wa utendaji umeidhinishwa. Ni fedha nyingi kwa mwananchi wa kawaida, lakini ni kidogo zikilinganishwa na zinazolipwa na kampuni kubwa za teknolojia kwa kazi yenye uzito kama huo. Hoja ya kwamba serikali hushindwa kwa sababu hailipi vizuri husikika mara kwa mara, na ina ukweli wake. Hata hivyo, mfano wa Uingereza unaipunguzia nguvu.

Mwaka 2002 Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa teknolojia katika huduma yake ya taifa ya afya. Richard Granger, aliyetoka katika kampuni ya ushauri ya Deloitte, aliajiriwa kuuongoza kwa mshahara wa takribani pauni 250,000 kwa mwaka, kiasi kilichomweka miongoni mwa watumishi wa umma waliolipwa zaidi nchini humo. Kwa upande wa mikataba, fedha hizo zilinunua kilichokusudiwa. Mikataba ilifungwa haraka, na mkandarasi hakulipwa kabla ya kukabidhi kazi. Picha za eksirei za kidijitali zilifika hospitalini, na mtandao wa mawasiliano ukajengwa. Lakini rekodi ya kielektroniki ya mgonjwa, iliyokuwa kiini cha mpango, ilikwama. Accenture ilijitoa mwaka 2006, na mkataba wa Fujitsu ukavunjika mwaka 2008, mwaka ambao Granger naye aliondoka. Mwaka 2011 serikali ilitangaza kuuvunja mpango.

Mshahara mnono ulimleta bingwa wa kujadili mikataba. Haukumleta daktari wala muuguzi mezani, na hao ndio waliotakiwa kuitumia mifumo ambayo hawakuulizwa inavyopaswa kufanya kazi wodini. Ikumbukwe pia kwamba baada ya kuondoka kwake kazi iligawanywa kwa watu wawili, mmoja akishughulikia mwelekeo wa taarifa na mwingine utekelezaji wa mifumo. Huenda nafasi iliyotangazwa mwaka 2002 ilikuwa kubwa kuliko mtu yeyote.

5.0 Jopo na Maswali Yake

Inafuata kwamba muundo wa jopo la usaili si jambo la utaratibu tu. Jopo la maafisa utumishi na wataalamu wa kompyuta peke yao humchagua mtu atakayewapendeza maafisa utumishi na wataalamu wa kompyuta. Panahitajika tabibu anayefanya kazi na wagonjwa, mtu wa manunuzi, na mtu wa fedha, kwa kuwa hao ndio watakaogongana naye.

Swali kuhusu vyeti hujibiwa na vyeti vyenyewe, na halistahili kupoteza muda wa usaili. Swali lenye uzito ni hili: mwombaji amewahi kuusimamisha mfumo gani, alimwambia nani, na kilifuata nini? Asiyewahi kusimamisha kitu amekuwa na bahati ya pekee au hakuwa na kauli. Swali la pili limhusu mkandarasi aliyechelewa, maana mkuu wa teknolojia wa taasisi ya afya hutumia muda mwingi zaidi na mikataba kuliko na kompyuta. La tatu linahusu siri za wagonjwa, eneo ambalo sheria ya Marekani ya mwaka 1996 kuhusu taarifa za bima na afya imeliwekea masharti mazito. Hapo jopo lisitosheke na kusikia kwamba sheria inafahamika. Limpe mwombaji mfano wa hospitali inayotaka majina ya wagonjwa usiku wa mlipuko wa maradhi, kisha limsikilize anavyopima haraka dhidi ya siri.

Mwombaji naye ana maswali yake, na namna taasisi inavyoyajibu hueleza mengi. Je, ataripoti kwa mkuu wa taasisi au kwa mkurugenzi wa utawala? Mkataba wa teknolojia unaweza kusainiwa bila yeye kuuona? Siku nne kabla ya uzinduzi, kibali cha usalama kitakuwa na saini ya nani? Maswali hayo yakijibiwa kwa maandishi kabla ya barua ya ajira kutolewa, pande zote mbili zitajua nafasi iliyotangazwa ni ipi. Yakijibiwa kwa tabasamu na ahadi ya kuyazungumza baadaye, mwombaji mwenye uwezo wa kuchagua kazi kwa kawaida huchagua nyingine, na orodha ya waliosalia hufupika kwa namna ambayo kumbukumbu za ajira hazitaionesha.