Ufukwe wa Desemba: biashara ya mapumziko ziwani Bukoba bado iko mikononi mwa wana wa nyumbani

Kuanzia katikati ya Novemba, simu za wenye gesti za ufukweni Bukoba huita mfululizo. Wengi wanaopiga ni Wahaya wa Dar es Salaam, Mwanza na Arusha wanaojiandaa kurudi nyumbani kwa Krismasi. Maswali yao yanajulikana: vyumba vya familia vipo, jenereta inafanya kazi, gari litalala ndani ya geti? Ni nadra kwa mmoja wao kuuliza kama maji ya ziwa ni salama kuogelea, kwa sababu wamekulia hapa na wanajua wapi pa kuingia na wapi pa kuepuka.

Mgeni asiye na shangazi Kanyigo wala shamba la migomba Kamachumu huuliza mengine kabisa. Anataka kujua kina cha maji, nani anaangalia watoto wakiogelea, boti ya kwenda kisiwa cha Musira imekaguliwa lini, na kama kuna mahali pa kuzamia na mitungi ya hewa. Huyu ndiye mgeni anayezungumzwa kwenye mikutano ya uwekezaji, na ndiye ambaye biashara ya hapa haina majibu ya kumpa.

Kalenda yenyewe imekaa vibaya. Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi nchini, takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na Desemba bado ni mwezi wa mvua. Ndiyo maana wiki mbili zinazojaza vyumba ni zile ambazo mgeni anaweza kuamka asubuhi akakuta mawingu yamefunika ziwa lote hadi saa sita. Anayekuja kwa ajili ya ndugu, senene na harusi hajali. Anayekuja kwa ajili ya jua na mchanga anajali sana. Jua la uhakika liko Juni hadi Agosti, miezi ambayo wenye gesti wengi hupunguza wafanyakazi kwa kukosa wateja. Hata hapo lazima isemwe kwamba upepo wa kusini huvuma kwa nguvu wakati huo na mawimbi ya upande huu wa magharibi si ya kuchezea.

Mwenye nyumba ya wageni mmoja, ambaye amekuwa kwenye biashara hii ya ufukweni kwa miaka mingi na hakutaka atajwe kwa kuogopa kusumbuliwa, ana malalamiko ambayo wenzake waliozungumza na ukurasa huu waliyarudia kwa namna zao. Kilio chake ni mita 60. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Yeye haipingi sheria. Anachouliza ni mita 60 kutoka wapi. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kurekodiwa, na mwaka 2024 likapanda tena. Maji yalikula mchanga wake, yakaingia kwenye vibanda vya makuti na kuzunguka choo cha wageni. Banda la jiko ambalo zamani lilikuwa mbali na maji sasa liko karibu nayo, na mkaguzi akija anapima kutoka maji yalipo leo.

Matokeo yake, anasema, ni kuishi kwa muda. Hajengi choo cha maana kwa sababu anaweza kuambiwa akibomoe. Asipojenga, mkaguzi wa afya anamwandikia faini kwa kukosa choo cha maana. Benki haimpi mkopo kwa majengo ya mabati na mbao kwenye kiwanja ambacho hatima yake haijulikani. Leseni ya biashara, leseni ya vileo, ushuru wa huduma na ukaguzi wa zimamoto vinamfikia kila kimoja kwa wakati wake, na kila ofisi inataka kulipwa mwanzoni mwa mwaka, wakati fedha za Desemba zimekwisha kwenye madeni ya vinywaji. Alipopeleka hoja ya mita 60 kwenye kikao cha wadau aliambiwa iandikwe barua. Barua iliandikwa. Anasubiri jibu.

Mtu anaweza kusema huyu anatetea tumbo lake, na kwa sehemu ni kweli. Ukingo wa ziwa ukiachwa ujengwe hovyo, hakutakuwa na ufukwe wa kumuuzia mtu yeyote, na majitaka ya mabafu yataishia palepale wageni wanapooga. Lakini swali lake la kipimo ni la haki. Ziwa linapanda na kushuka. Bila alama za mipaka zilizowekwa ardhini na kukubaliwa na pande zote, hakuna mwenye akili atakayeweka fedha za kudumu pale, na bila fedha za kudumu mgeni ataendelea kuoga kwa maji ya ndoo.

Upande wa serikali, ofisa mmoja anayefuatilia utalii mkoani, naye kwa sharti la kutotajwa, alijibu karibu kila swali kwa takwimu moja: mwaka 2023 Tanzania ilipokea watalii wa kigeni milioni 1.8. Takwimu hiyo ni sahihi, na mwaka 2024 idadi ilivuka milioni 2. Hoja yake ni kwamba hata sehemu ndogo tu ya hao ikigeuzwa njia kuja Kagera, fukwe za Bukoba na Muleba zitajaa. Alipoulizwa ni wangapi kati yao walilala walau usiku mmoja Bukoba kwa ajili ya ziwa, alirudi kwenye takwimu ya taifa. Kwenye daftari za gesti tulizoonyeshwa, wageni wa nje wengi ni Waganda wanaopita kwa biashara kupitia Mutukula, watu wa miradi na wamisionari. Hao ni wateja wazuri wa chumba na chakula. Ufukweni wanaonekana jioni wakinywa soda, nguo zimewakaa mwilini.

Na hapa ndipo biashara yote inaposimama au kuanguka: je, mgeni aingie majini? Kichocho kipo Ziwa Victoria, na watalii wanaosoma kabla ya kusafiri wanalijua hilo kuliko tunavyodhani. Konokono wanaobeba vimelea wanapenda maji yaliyotulia yenye matete na magugu. Fukwe za mchanga zinazopigwa na mawimbi wakati wote, kama zile za mjini Bukoba, haziwafai sana. Hiyo ni habari njema kwa mwenye gesti, lakini haijawekwa popote mgeni anapoweza kuiona. Hakuna ubao wenye tarehe ya mwisho ya kupima maji na sehemu iliyopimwa. Mhudumu akiulizwa anajibu kwamba hakuna shida, kisha mgeni anatazama kushoto na kuona matete mita chache kutoka alipotandika taulo. Dawa ya kichocho ni rahisi na inapatikana. Daktari yeyote wa Bukoba anajua kumwambia mgeni apime wiki kadhaa baada ya kuondoka na asingoje dalili. Maelezo hayo ya nusu ukurasa, yakibandikwa ukutani kila chumba, yangemsaidia mgeni kuliko bango lolote la karibu Kagera.

Kuhusu kuzamia, matumaini yamekimbia mbele ya hali halisi. Ofisa aliyetajwa juu alizungumzia utalii wa kupiga mbizi ziwani kama fursa ambayo haijaguswa. Wazamiaji wa burudani hufuata maji wanayoona ndani yake. Wanaosafiri hadi Sodwana kule Afrika Kusini au Tofo nchini Msumbiji wanafuata matumbawe, nyangumi na taa wakubwa. Wanaokwenda Ziwa Nyasa au Tanganyika wanafuata samaki wa rangi katika maji maangavu. Victoria nayo ilikuwa na mamia ya aina za furu, lakini wengi wamepotea tangu sangara alipopandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na rutuba inayotiririka kutoka mashambani na mijini imelisha mwani hadi maji yamekuwa ya kijani. Mto Kagera, unaomwaga maji yake kaskazini karibu na mpaka wa Uganda, huongeza tope na magugu maji. Katika siku nyingi mzamiaji hapa ataona mkono wake na pengine mguu wa mwenzake.

Kuna jambo la kitaalamu ambalo wapiga debe hawalisemi. Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ratiba za kuzamia zilizoandikwa kwa ajili ya bahari hazitumiki hapa bila kurekebishwa, kwani gesi hutoka mwilini kwa namna nyingine mtu anapoibuka kwenye hewa nyepesi. Akipatwa na ugonjwa wa mgandamizo, Bukoba hakuna chumba maalumu cha kumtibu. Mwekezaji atakayeleta mitungi na kompresa bila kufikiria hayo atakuwa anahatarisha watu.

Wazee wa Kemondo na Bukoba mjini wanaposikia neno wazamiaji hukumbuka kitu kingine. Baada ya meli ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, na watu zaidi ya 800 kufa, wazamiaji wa jeshi la majini la Afrika Kusini waliletwa kusaidia kutoa miili. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, watu 19 kati ya 43 wakafa, na wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, wakivuta kwa kamba na kupiga makasia. Miaka 26 ilipita kati ya ajali hizo mbili, na ufukwe wa mji wenye uwanja wa ndege kando ya maji ulikuwa bado unategemea wavuvi kwa uokoaji. Ikiwa kuna fedha za kufundisha watu kuzamia Bukoba, zianze na kikosi cha uokoaji, kiwe na mitungi, boti na mafuta ya kutosha. Utalii unaweza kusubiri.

Ukitaka kuona pengo hilo la usalama majini kwa karibu, nenda mwalo wa Nyamkazi asubuhi na uombe kupelekwa Musira. Kisiwa kiko mbele ya macho, na majabali yake yanapendeza. Mwenye mtumbwi wa injini atakupatia bei, mtapatana, na jaketi okozi litatolewa chini ya benchi likiwa limelowa, kamba ya kifuani imekatika na kufungwa upya kwa kipande cha wavu. Mtoto hatapata la saizi yake. Nahodha mwenyewe analijua ziwa vizuri na huenda hajawahi kupoteza abiria, lakini huo si ushahidi ambao kampuni ya bima au mzazi kutoka nje ataukubali.

Muleba ina visiwa vingi na vizuri zaidi, Bumbire na Kerebe vikiwemo, ila uchumi wake ni dagaa na sangara. Vyumba vya kulala vilivyopo ni vya wanunuzi wa samaki. Mgeni wa mapumziko anaweza kulala huko akiwa na mwenyeji, na wengine wanafurahia mno. Kuita hali hiyo sekta ya utalii ni kuongeza chumvi.

Njia za kufika angalau zimeboreka. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kwa wanaotoka Mwanza kwa barabara. MV Victoria, meli ya mwaka 1961, ilirudi majini 2020 baada ya ukarabati na kuifungua tena safari ya usiku ya Mwanza, Kemondo na Bukoba, ambayo yenyewe ni kivutio kwa anayependa ziwa. Uwanja mpya wa ndege wa Omukajunguti umezungumzwa kwa miaka mingi, na wafanyabiashara hawauweki tena kwenye hesabu zao. Kwa basi kutoka Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,400, mwendo ambao mtu huuvumilia kwa ajili ya mama yake mzazi.

Ushindani nao haungoji. Mganda wa Kampala anayetaka mchanga wa ziwa ana Entebbe na visiwa vya Ssese karibu naye. Na familia ya Bukoba yenye uwezo, ikitaka fungate au likizo ya kweli ya maji, inapanga Zanzibar au Mafia, ambako papa potwe huonekana kuanzia Oktoba hadi Februari na kaskazi huituliza bahari. Wakala wa tiketi mjini anasema hao ndio wateja wake wanaoongezeka. Wanaokwenda kuzamia huko, wakala huyo huwakumbusha jambo moja ambalo halimo kwenye tangazo lolote: mtu aliyezamia mara kadhaa anatakiwa akae walau saa 18 kabla ya kupanda ndege, kwa hiyo siku ya mwisho ni ya kutembea Mji Mkongwe.

Mwaka ujao utakuwaje? Wenye gesti waliozungumza nasi wanatarajia Desemba nzuri, kwa sababu Desemba ni nzuri karibu kila mwaka. Julai hawaahidi kitu. Baadhi wanafikiria kuungana, kununua jaketi okozi za saizi zote na kumlipa kijana mmoja mwenye filimbi awaangalie waogeleaji, gharama ambayo wakigawana haizidi ile ya kreti chache za bia kila mmoja kwa mwezi. Mpango huo umekwama kwenye swali la nani atasimamia pesa. Mwenye malalamiko ya mita 60 amesema yuko tayari kuchangia, ila kwanza anataka kujua kama mwezi Machi banda lake litakuwa bado limesimama.