Kabla ya kufunga injini, kagua mbao za chombo

WAMILIKI wengi wa madau na mashua katika Pwani ya Kenya hudhani kwamba kukiboresha chombo ni kukifungia injini. Hata hivyo, injini huongeza uzito na mtikiso, na chombo kilicholegea hakiwezi kuustahimili.

Kazi huanzia ufukweni. Wakati wa bamvua, chombo husogezwa juu maji yakijaa, kisha huegemezwa kwa magogo yakitoka. Mwani hukwanguliwa na kila ubao hugongwa kwa nyundo. Ubao unaotoa mlio mzito uliofifia huenda umeoza, na sharti ubadilishwe.

Nyufa baina ya mbao huzibwa kwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa kwa patasi butu. Sehemu ya chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili kuwazuia wadudu wa baharini watobao mbao.

Hapo ndipo injini ifikiriwe. Kwa kuwa dau limechongoka mbele na nyuma, injini hufungwa ubavuni karibu na tezi, juu ya gogo lililokazwa kwa bolti kwenye mataruma, wala si kwenye ubao mtupu. Chombo kikielemea nyuma, shehena isogezwe mbele.

Aidha, mlingoti, foromali na tanga visiachwe nyumbani. Petroli ikiisha au plagi ikilowa maji katikati ya bahari, ni upepo pekee utakaowarejesha mabaharia pwani.