Saa 150 za Usaidizi wa Mhadhiri: Zinalipa Kwenye Maombi ya Sheria?

Marekani sheria haisomwi kama shahada ya kwanza, tofauti na Dar es Salaam au Nairobi. Mtu humaliza kwanza historia, uchumi au hata baiolojia, ndipo aombe shule ya sheria. Katika miaka hiyo ya mwanzo vijana wetu walioko huko huambiwa: tafuta kazi ya msaidizi wa mhadhiri, kamati za udahili zinaipenda.

Zinaipenda, ila si kwa kiasi hicho. Vinavyotangulia ni GPA, yaani wastani wa alama za chuo, na LSAT, mtihani wa kuingia shule za sheria ambao alama zake huanzia 120 hadi 180. Kila mwaka shule hutangaza alama za katikati za wanafunzi wapya, na wanaopanga shule kwa ubora huzitazama, kwa hiyo hakuna shule inayotaka zishuke. Msaidizi hodari mwenye LSAT dhaifu bado ana LSAT dhaifu.

Tupige hesabu. Saa 10 kwa wiki, muhula wa wiki 15, ni saa 150. Tuseme malipo ni dola 15 kwa saa: unapata dola 2,250 kabla ya makato. Kuna vyuo visivyolipa, vinatoa krediti, na krediti za kufaulu au kufeli tu haziinui GPA. Kama krediti hizo nazo unazilipia ada, basi unalipa ili ufanyishwe kazi. Mimi ningekataa.

Saa hizohizo ukizitumia kujiandaa na LSAT, gharama ni ndogo. Kujisajili kunazidi dola 200, lakini baadhi ya mitihani halisi ya zamani inapatikana bure kwenye tovuti ya LawHub. Upande wa faida ndiko kwenye pesa: ada za shule kubwa za binafsi zimepita dola 70,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya ufadhili hufuata alama. Pointi chache zinaweza kupunguza bili zaidi ya mishahara yote ya usaidizi. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 alizingatie hili zaidi, maana mkopo wa serikali ya shirikisho hapati, na wakati wa masomo haruhusiwi kuzidi saa 20 za kazi chuoni kwa wiki.

Usaidizi unalipa mahali pamoja: barua ya mapendekezo. Profesa mwenye darasa la watu 200 ataandika kwamba ulipata A na ulihudhuria vizuri. Profesa uliyesahihisha naye mitihani anaweza kuandika kwamba uligundua swali la nne lina majibu mawili sahihi, ukamletea hoja yako kabla wanafunzi hawajalalamika. Barua ya pili inaonyesha mtu anayefikiri kama wakili. Kwa hiyo uliza kwanza utafanya nini: kama ni kugawa karatasi na kuingiza alama kwenye kompyuta, afadhali dawati la maktaba zamu ya usiku, unalipwa huku unasoma.

Angalia na kalenda. Maombi hufunguliwa karibu na Septemba na shule nyingi huyapitia kadiri yanavyoingia, hivyo anayetaka kuanza sheria mara tu akihitimu anahitaji profesa awe ameshamfahamu kufikia mwisho wa mwaka wa tatu. Usaidizi unaoanza muhula wa mwisho ufanye kwa ajili ya mshahara tu.