Kigogota Mkubwa Hutafutwa kwa Mti Uliokufa

Anayeishi Xiaobei, mtaa wa Guangzhou ambao wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Nairobi wanaujua vizuri, hana safari ndefu kufika ziwa la Luhu na kuanza kupanda mlima Baiyun. Kilele chake, Moxingling, kina mita 382 tu, na miteremko yake ni ya kijani mwaka mzima. Kwa macho ya mgeni huu ni msitu mzuri wa kutafuta vigogota wakubwa. Kwa kigogota mwenyewe, bado ni mchanga mno.

Katikati ya karne iliyopita vilima vingi vya Guangdong vilikuwa vipara. Vikapandwa misonobari, kisha mikalitusi na migunga ya Australia. Miti ni mingi, lakini wazee ni wachache. Kigogota wa sentimita 30 huhitaji shina nene ambalo moyo wake umeanza kuoza, apate kuchimba tundu la kutagia, na magogo yenye mabuu ya kula. Mti unaokufa nao mara nyingi huondolewa, na kwa misonobari ipo sababu ya haki: tangu 1988 Guangdong inapambana na mnyoo mdogo sana unaobebwa na mbawakawa kutoka mti hadi mti, hivyo msonobari uliokauka hukatwa na kuteketezwa.

Ndiyo maana namshauri mtazamaji aende magharibi, kilomita 80 na ushee, hadi Dinghushan, hifadhi ya kwanza ya mazingira nchini China, iliyoanzishwa mwaka 1956. Kabla ya serikali, msitu ule ulilindwa na watawa wa hekalu la Kibudha kwa karne kadhaa. Misitu mizee, yenye unyevu na mianzi, ndiyo impendezayo kigogota mwekundu-kahawia, mmoja wa wakubwa wa kusini mwa China. Dume ana doa jekundu shingoni na mdomo wa manjano hafifu. Hukaa chini, gizani, kwenye magogo yaliyoanguka, na anayemtafuta juu ya vilele vya miti hatamwona.

Kwa kuwa majani hayapukutiki, sikio hutangulia jicho. Kugonga ni kwa namna mbili. Ukisikia mapigo ya polepole yasiyo na mpangilio, ndege anakula au anachimba. Ukisikia mfululizo wa kasi, anatangaza eneo lake: kigogota madoa mkubwa hupiga mara 10 hadi 16 ndani ya muda usiofika sekunde moja. Aina nyingine, kigogota wa rangi ya kutu, huanza kwa kasi kisha hupunguza, kama injini ya pikipiki inayozimika. Huyu ana tabia ya ajabu kuliko wote: huchimba kiota chake ndani ya kichuguu ambacho sisimizi wamejenga mtini, wenyewe wakiwamo.

Wasomaji hupenda kuuliza kwa nini ubongo wa kigogota hauumii. Kwa miaka mingi vitabu vilieleza kwamba fuvu lina mfupa laini unaopunguza kishindo. Mwaka 2022 Sam Van Wassenbergh wa Chuo Kikuu cha Antwerp na wenzake walipima picha za video za kasi kubwa za aina tatu za vigogota, wakakuta fuvu halipunguzi kishindo hata kidogo. Na lingepunguza, ndege angepoteza nguvu aliyoitumia kugonga. Kinachomwokoa ni udogo wa ubongo wake: kishindo ambacho kingemuumiza binadamu hakifikii kiwango cha kumdhuru yeye.

Nina ombi moja kwa watunza misitu ya jiji. Mti wa majani mapana uliokufa mbali na njia za watu hauna ule mnyoo wa misonobari, wala hauwezi kumwangukia mpita njia. Uachwe usimame. Tundu ambalo kigogota amelihama halikai tupu, maana kwenye mashimo ya miti ndimo wanamotaga kwezi wenye ushungi na wale ndege weusi kwa weupe ambao wakazi wa Guangzhou huwasikia wakiimba alfajiri.