Shule ya Biashara na Duka la Mtaani
Sehemu ya Pili: Daftari na Jirani

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwenye duka anaijua methali hii, na kila aliyewahi kupewa kazi ya kumfundisha mchuuzi biashara ameanzia hapo hapo: andika ulichonunua, andika ulichouza, andika nani anadaiwa. Wiki iliyopita tuliangalia jinsi vyuo vya biashara vilivyojengwa kuandaa mameneja wa makampuni makubwa. Leo tunahamia kwenye duka la rejareja, maana kwa muda mrefu sasa watafiti wa vyuo hivyo hivyo wamekuwa wakipima jambo ambalo zamani lilidhaniwa halihitaji kupimwa: mwenye duka akifundishwa, je, faida yake inaongezeka kweli?

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote kilifanyika Dandora, mashariki mwa Nairobi. Wachumi watatu, Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson, waliwachukua wanawake wenye biashara changa wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza liliingia darasani na kufundishwa na walimu wa Chuo Kikuu cha Strathmore: hesabu, masoko, utunzaji wa bidhaa, mpango wa biashara. Kundi la pili halikupewa darasa. Kila mwanamke aliunganishwa na mwanamke mwingine wa eneo hilo hilo, mzoefu, ambaye biashara yake ilikuwa imeshasimama, wakawa wanakutana kila wiki kwa mwezi mmoja. Kundi la tatu liliachwa kama lilivyo ili kulinganisha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Waliokwenda darasani walishika walichofundishwa, na wengi wao walianza kuweka daftari. Faida yao haikusogea. Waliokutana na mama mzoefu waliongeza faida kwa wastani wa asilimia 20.

Mama yule alikuwa na nini ambacho mwalimu wa chuo hakuwa nacho? Watafiti walipochimba waligundua kwamba wanagenzi wake walibadilisha mahali pa kununulia mzigo. Mwanamke anayeuza mitumba au mboga huenda anachukua bidhaa kwa mtu yule yule tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndiye aliyeonyeshwa. Hajui kwamba mtaa wa pili yuko muuzaji wa jumla mwenye bei nafuu, wala hajui saa ya kwenda kwake. Mwenye biashara ya siku nyingi anajua, na hahitaji somo zima kulisema. Habari ya namna hii haikai kitabuni, maana inabadilika kila msimu, na ukivuka barabara kubwa haina kazi tena.

Kuna sehemu ya utafiti huo ambayo wanaouhadithia huiruka, nami naona ndiyo yenye uzito zaidi. Baada ya mwaka na ushee, nyongeza ya faida ilibaki kwa wale tu walioendelea kukutana. Uhusiano ulipokatika, nayo ikayeyuka. Muuzaji wa jumla wa bei nafuu hupandisha bei au huhama, na aliyeambiwa jina lake bila kuendelea kuwa karibu na mwenye habari hurudi alikotoka. Kwa hiyo kilicholeta faida hakikuwa ushauri uliotolewa mara moja. Ilikuwa kuwa na mtu wa kumuuliza.

Hii haina maana kwamba mafunzo ya darasani ni bure. David McKenzie wa Benki ya Dunia alikusanya tafiti za aina hii kutoka nchi nyingi zinazoendelea, na katika makala yake ya mwaka 2021 akaonyesha kwamba kwa wastani mafunzo huongeza mauzo kwa karibu asilimia 5 na faida kwa karibu asilimia 10. Si haba. Ila wastani huo unaficha tofauti kubwa kati ya fundisho linalogusa shida ya mtu na fundisho la jumla. Katika Jamhuri ya Dominika, watafiti Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar walilinganisha namna mbili za kufundisha. Kundi moja lilifundishwa uhasibu kama unavyofundishwa vyuoni. Jingine lilipewa kanuni chache rahisi za kushika kichwani, kama vile kutenga fedha ya biashara na ya nyumbani katika droo mbili, na kujilipa mshahara unaojulikana. Uhasibu kamili haukuleta badiliko la maana. Kanuni za droo mbili ziliboresha jinsi watu walivyoendesha biashara zao.

Chenji nayo ina kisa chake. Mteja anaingia na noti kubwa, anataka kitu cha bei ndogo. Mwenye duka hana chenji. Anamtuma mtoto kwa jirani, jirani naye hana, mteja anasubiri kidogo kisha anaondoka. Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson walilifuatilia jambo hili magharibi mwa Kenya, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 wakakadiria kwamba mauzo yanayopotea kwa kukosa chenji yanakula kati ya asilimia 5 na 8 ya faida ya biashara ndogo. Cha kushangaza ni tiba yake. Hawakumkopesha mtu wala kumgawia sarafu. Waliwatembelea wenye maduka kila wiki na kuwauliza wamepoteza mauzo mangapi kwa kukosa chenji. Kule kuulizwa tu kuliwafanya waanze kutunza fedha ndogo ndogo. Walikuwa wanaliona tatizo kila siku, ila hawakuwahi kulihesabu. Hapa daftari linapata heshima yake, lakini ni daftari la jambo moja, na kuna mtu anayekuja kuuliza umeandika nini.

Msomaji anaweza kudhani haya ni mambo ya wauza nyanya, na kwamba waliosoma shahada za uzamili za biashara wanaishi dunia nyingine. Twende basi Harvard, kwenye shule ya biashara iliyofunguliwa mwaka 1908. Pale wanafunzi wa mwaka wa kwanza hugawanywa katika vikundi vya watu 90 hivi, na kila kikundi husoma masomo yote pamoja. Josh Lerner na Ulrike Malmendier walifuata maisha ya wahitimu baada ya kutoka chuoni. Baadhi ya vikundi vilijaaliwa kuwa na wanafunzi wengi waliowahi kuanzisha kampuni kabla ya kuja kusoma, vingine wachache. Wengi wangetabiri kwamba ukikaa na wajasiriamali utaambukizwa, nawe utaanzisha kampuni. Ikawa kinyume. Waliokaa na wenzao wazoefu walianzisha kampuni kwa uchache zaidi, na zilizopungua ni zile ambazo zingekufa. Maana yake naisoma hivi: aliyeonja machungu ya kufunga biashara ndiye anayeweza kukwambia mapema kwamba wazo lako lina tundu, tena bila kukuonea haya. Walimu walikuwa wale wale na vitabu ni vile vile. Tofauti ilitoka kwa aliyeketi kiti cha pili.

Lakini ushirika huo huo hupitisha pia mitazamo, na si yote ni ya heri. Daron Acemoglu, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2024, pamoja na Alex He na Daniel le Maire, walichunguza kinachotokea kampuni inapopata mkuu mwenye shahada ya biashara mahali pa asiye nayo. Ndani ya miaka mitano mishahara ya wafanyakazi ilishuka kwa karibu asilimia 6 nchini Marekani na asilimia 3 nchini Denmark. Mauzo hayakuongezeka kuliko kwingine, wala tija, wala uwekezaji. Kilichobadilika ni mgawanyo: wenye kampuni walibakiwa na zaidi, wafanyakazi wakapata pungufu. Vyuo vyetu vinavyonakili mitaala ya huko vinapaswa kuusoma utafiti huu kabla ya kununua vitabu, kwa sababu mhitimu hutoka na mbinu, na hutoka pia na imani kuhusu nani anastahili nini.

Sasa imeingia akili mnemba, na wapo wanaodhani yule mama wa Dandora hatahitajika tena. Nchini Kenya watafiti, wakiwemo Nicholas Otis wa Berkeley na Rembrand Koning wa Harvard, waliwapa wenye biashara ndogo mshauri wa kompyuta kupitia WhatsApp. Jaribio lilikuwa na wajasiriamali 640. Kwa wastani hapakuwa na mabadiliko. Ndani ya wastani huo, waliokuwa wakifanya vizuri tangu awali walipanda kwa asilimia 15 hadi 20, na waliokuwa nyuma walishuka kwa asilimia 8 hadi 10. Wote walipata ushauri mwingi. Wa nyuma walishika ushauri wa jumla, punguza bei, ongeza matangazo, na kwa mtu ambaye faida yake ni nyembamba kupunguza bei ni kula mtaji. Mashine inajibu unachouliza. Jirani anayejua biashara yako anaweza kukukatiza.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa vyuo vyetu ni moja. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianzishwa mwaka 1965, na kampasi yake ya Dar es Salaam haiko mbali na soko la Kariakoo. Wafanyabiashara waliodumu sokoni walipwe, kwa mkataba na kwa heshima ya mwalimu, wawalee wanaoanza, na malezi hayo yasiishe kwa cheti. Mwanafunzi wa shahada awe sehemu ya urafiki huo: yeye anajua kuuliza na kuhesabu, mzoefu anajua mzigo unatoka wapi. Na chuo kiwafuatilie wahitimu wake miaka mingi baada ya joho.

Hata hivyo, kuna fundo ambalo malezi peke yake hayalifungui. Lars Ivar Oppedal Berge, Kjetil Bjorvatn na Bertil Tungodden wa Bergen, Norway, walifanya jaribio Dar es Salaam na wakopaji wa taasisi ya PRIDE. Mafunzo yalitolewa na wakufunzi wa kituo cha ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wengine waligawiwa mtaji wa bure. Katika matokeo ya mwaka 2015, mtaji wa bure haukufua dafu kwa mwanamume wala mwanamke. Mafunzo yaliinua sana biashara za wanaume. Kwa wanawake matunda yake yalikuwa hafifu.

Sababu moja ninayoishuku ni ile droo ya pili, ya fedha ya nyumbani. Mama anaweza kujua hesabu vizuri kabisa na bado mauzo ya leo yakaishia kwenye ada, dawa, au mkono wa ndugu aliyekuja na shida. Nchini Uganda, Emma Riley aliwafuatilia wanawake waliokopa kwa taasisi ya BRAC. Baadhi walipokea mkopo wao taslimu kama kawaida, wengine uliingizwa kwenye akaunti ya simu iliyotengwa kwa biashara. Miezi minane baadaye faida ya waliopokea kwa simu ilikuwa juu kwa asilimia 15, na walionufaika zaidi ni wale waliokuwa wakibanwa nyumbani wagawe fedha. Wiki ijayo tutaanza na utafiti huo.