Nguzo ya Siti: Kwa Nini Alumini Inatosha Barabara za Meru

Mwendesha baiskeli ya resi anayeanzia safari yake Muthara, Tigania Mashariki, hukutana na barabara tatu ndani ya barabara moja: lami, matuta ya kila soko, na ukingo wa lami ulioliwa na mvua. Gari la miraa likimjia kwa nyuma kwa kasi, hana budi kulipisha njia, na gurudumu la nyuma hudondoka kutoka kwenye lami hadi kwenye udongo mwekundu huku yeye bado ameketi. Pigo hilo hupanda kupitia tairi, rimu na fremu, kisha huishia kwenye lile bomba fupi linaloishika siti, yaani nguzo ya siti. Swali la bomba hilo liwe la alumini, kaboni, chuma au titani huulizwa sana siku hizi, kwa kuwa baiskeli za mtumba zinazoingia Kenya huja na kila aina, na wauzaji huitaja kaboni kana kwamba neno lenyewe linamaliza mjadala. Maoni yangu ni kwamba kwa barabara hizi na kwa mafundi tulio nao, nguzo ya alumini iliyotengenezwa vizuri na inayoingia sawasawa kwenye fremu ndiyo inayofaa wengi, na pesa zinazobaki ziende kwenye tairi.

Tuanze na starehe, kwa sababu ndiyo sifa ya kwanza inayotajwa. Nguzo ya siti haisimami wima. Katika baiskeli nyingi za resi imeegemea nyuma kwa nyuzi 17 hivi, na kuegemea huko ndiko kunakoiwezesha kunepa. Ingekuwa wima kabisa, uzito wa mwendeshaji ungeibana kutoka juu tu, na hakuna bomba la madini au la kaboni ambalo lingefupika kiasi cha kuhisiwa na makalio. Kwa kuwa imeegemea, chini kidogo ya theluthi moja ya pigo huisukuma kwa upande na kuipinda. Kuanzia hapo, vipimo huamua mengi kuliko jina la malighafi. Urefu wa nguzo ulio nje ya fremu ukiongezeka kutoka sentimita 10 hadi 20, kunepa huongezeka mara 8, maana urefu huingia kwenye hesabu ukiwa umezidishwa kwa wenyewe mara tatu. Kipenyo kikipungua kutoka milimita 31.6 hadi 27.2, unene wa ukuta ukibaki uleule, kunepa huongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo nguzo nyembamba ya alumini iliyochomoza sana inaweza kuwa laini kuliko nguzo nene ya kaboni iliyozama ndani ya fremu, na mwenye kulipa bei kubwa akaondoka na siti ngumu kuliko aliyoiacha.

Malighafi nazo zina tabia zake, ila tabia hizo hazisomeki kirahisi. Chuma cha feleji kina ukakamavu wa gigapaskali 200 hivi, titani 110, na alumini 70. Kwa hesabu hiyo pekee alumini ingekuwa laini kuliko vyote vitatu. Mbona basi inasifika kwa ugumu? Kwa sababu watengenezaji huiongezea unene ili isichoke mapema, na unene huo ndio unaoifanya ikaze. Kaboni ni jambo jingine kabisa. Ni nyuzi zilizopangwa kwa matabaka na kugandishwa kwa gundi ngumu, na mtengenezaji ndiye anayechagua nyuzi zielekee wapi. Nguzo mbili za kaboni zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana sana, moja imeundwa inepe na nyingine imeundwa iwe nyepesi tu. Anayesema “kaboni ni laini” ameusifu uzi bila kutuambia ulifumwaje.

Wapo watakaojibu kwamba walibadilisha nguzo wakahisi tofauti, na sina sababu ya kuwakatalia. Kaboni hupunguza mtetemo mdogo wa lami yenye kokoto ndogondogo, ule unaofanya viganja na makalio kufa ganzi baada ya saa mbili. Lakini pigo la tuta au la kudondoka kutoka ukingoni si mtetemo. Ni mzigo mkubwa wa ghafla, nao hupitia vitu vilivyopangwa mfululizo, ambapo kilicho laini zaidi ndicho hubonyea zaidi. Tairi yenye hewa ni laini mara nyingi kuliko nguzo yoyote ya kawaida. Mwendeshaji wa kilo 70 anayetoka kwenye tairi za milimita 23 zenye presha ya PSI 110 na kuweka za milimita 28 zenye presha ya PSI 75 hivi, amepata nafuu ambayo nguzo haiwezi kumpa, na tena ameipata mbele na nyuma, wakati nguzo huhudumia nyuma peke yake. Sharti ni kuhakikisha kwanza kwamba fremu na breki zina nafasi ya tairi hiyo. Anayetaka kuijaribu nguzo kwa haki azibakize tairi na presha vilevile, na apime pia urefu ulio nje, kwa maana mara nyingi vitu viwili hubadilishwa siku moja na sifa zikaenda kwa kile kilichogharimu zaidi.

Hoja ya uzito naipita haraka. Nguzo nzuri ya kaboni huweza kupungukiwa na gramu 80 hivi ikilinganishwa na ya alumini. Mwendeshaji na baiskeli yake wakiwa kilo 80, hiyo ni sehemu moja kati ya elfu. Katika mlima wa nusu saa, mathalani kupanda kutoka kwenye bonde la mto katika barabara ya Meru kwenda Embu, ni kama sekunde mbili. Chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, UCI, kiliweka tangu mwaka 2000 kwamba baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8, na kwa timu zinazoukaribia mpaka huo gramu 80 ni hesabu ya maana. Baiskeli ya mtumba ya kilo 9 haiko kwenye hesabu hiyo.

Jambo zito kuliko yote ni historia ya kitu unachokinunua. Kaboni hupondwa ndani kabla haijaonekana nje. Kola ya fremu ikikazwa kupita kiasi mara moja tu, matabaka yanaweza kuachana huku rangi ya juu ikibaki inang'aa, na siku ya kuvunjika huvunjika kwa ghafla, ikaacha bomba lenye ncha kali chini ya mtu aliyeketi. Kikomo cha kukaza kinachoandikwa kwenye nguzo nyingi za kaboni ni Nyutonimita 5 au 6. Kwa elenki yenye mkono wa sentimita 10, hiyo ni sawa na kusukuma kwa nguvu ya kilo 5 mwishoni mwa mkono. Fundi aliyezoea nati za pikipiki huivuka nguvu hiyo bila kujua, kwa sababu mkono wake umefunzwa na chuma. Spana inayopima nguvu ya kukaza ipo, lakini haimo katika sanduku la kila fundi, wala ile dawa yenye chembechembe ambayo hupakwa kaboni ili ishike bila kukazwa sana. Nguzo ya kaboni ya mtumba imekwisha kukazwa na watu usiowajua, kwa spana usizozijua. Kuigonga kwa sarafu na kusikiliza mlio uliofifia husaidia kugundua sehemu iliyoachana, ila mlio mzuri hauwezi kuitwa hati ya usalama.

Hapa mtetezi wa kaboni ana pingamizi la haki: hata alumini huchoka. Ni kweli. Chuma kikibeba mzigo ulio chini ya kiwango fulani, kinaweza kuubeba mamilioni ya mara bila kuchoka. Alumini haina kiwango cha namna hiyo, kila pigo huacha deni dogo. Tofauti iko mahali deni hilo linapojitokeza. Ufa wa alumini kwa kawaida huanzia juu, chini ya kichwa kinachoshika reli za siti, au pale nguzo inapoingia kwenye kola, na mara nyingi huonekana kama unywele mweusi kabla bomba halijakatika. Kitambaa kisafi, tochi na ukucha vinatosha kuutafuta. Ukionekana, nguzo hiyo imekwisha. Isipelekwe kwa mchomeleaji, kwa kuwa alumini ya aina ya 6061 au 7075 hupata nguvu zake kwa kupashwa joto kwa utaratibu maalumu kiwandani, na moto wa kuchomelea huziharibu nguvu hizo palepale panapohitajika. Eddy Merckx alishinda Tour de France mara 5 kati ya 1969 na 1974 akiketi juu ya nguzo za alumini ndani ya fremu za chuma, kwa hiyo suala halijawahi kuwa kama alumini inaweza kazi.

Udhaifu wa alumini unaonisumbua zaidi ni kukwama. Ndani ya fremu ya chuma, maji na jasho huzifanya metali hizo mbili kulana, alumini hutoa unga mweupe unaojaza nafasi yote, na baada ya miaka miwili nguzo haitoki wala haizunguki. Kuipasha fremu moto kwa gesi hakusaidii sana, kwani alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo zikipata joto pamoja ndipo zinapokazana. Kostiki soda ya kutengenezea sabuni huila alumini na kuiacha fremu ya chuma, lakini pia huunguza ngozi na kupofusha macho, na ndani ya fremu ya alumini ingeila fremu yenyewe. Kinga ni rahisi mno kuliko tiba: chomoa nguzo, ifute, paka grisi, irudishe, kabla ya mvua za Machi na kabla ya zile za Oktoba, kisha tena mvua zikiisha. Na asidhani mtu kwamba kaboni ingemwepusha, kwa sababu kaboni hupitisha umeme na huiozesha fremu ya alumini inapogusana nayo penye unyevu.

Titani haipati kutu na hunepa vizuri, ila bei yake huweza kununua tairi za miaka kadhaa. Chuma cha kromoli ni imara na cha kuaminika, na kwa baiskeli ya mizigo ningekichagua bila kusita. Kwa ya resi ni kizito, na nguzo zake nzuri zenye kipenyo cha 27.2 ni adimu.

Maana kipenyo hakina msamaha. Fremu za zamani za chuma hupishana kwa milimita 0.2: 26.8, 27.0, 27.2. Nguzo ya 26.8 ndani ya fremu ya 27.2 itaonekana kushika, kisha itashuka polepole mwendeshaji akipanda mlima, na hapo ndipo fundi hukata kipande cha mkebe wa soda na kukizungushia. Mkebe huo huibana nguzo juu na kuiacha ikicheza chini, mpaka masikio ya kola yapinde. Kipimo kimepigwa chapa chini ya nguzo nyingi, karibu na mstari wa kina cha chini kabisa. Mstari huo usionekane kamwe nguzo ikiwa mahali pake, na ikiwezekana ncha ya chini ipite pale bomba la juu la fremu linapoungana na la siti.

Wenye fremu za kaboni zinazotumia nguzo ya umbo lake maalumu, bapa au lenye pembe, hawana uchaguzi huu. Fremu hizo hupokea nguzo iliyoumbwa kwa ajili yake tu, na kulazimisha nyingine ni kuipasua fremu. Kabla ya kununua baiskeli ya namna hiyo, nguzo itolewe yote mbele ya mnunuzi, itazamwe alama za kola, na muuzaji aulizwe kama ya badala bado inapatikana. Muuzaji akikataa kuitoa, au ikiwa haitoki, bei haijalishi tena.